Taji Bila Matope: Korongo Taji katika Sanaa ya Ufuko wa Ziwa Viktoria

Swali na istilahi zake

Sanaa ya wanyamapori, kwa maana inayotumika hapa, ni kazi yoyote inayomfanya mnyama au ndege wa porini awe kiini cha taswira, iwe ni mchoro wa kitabu cha kutambulia ndege, stempu ya posta, nembo ya dola, kinyago kinachouzwa kwa mtalii au picha iliyopakwa kwenye ukuta wa kinyozi. Sanaa hiyo ikichukuliwa kwa upana huo, ni ndege wachache wa Afrika Mashariki waliochorwa, kuchongwa na kuchapwa mara nyingi kama korongo taji, yule ndege mrefu wa kijivu mwenye manyoya magumu ya rangi ya dhahabu utosini, ambaye wanasayansi humwita Balearica regulorum. Katika muda uleule ambao sura yake imekuwa ikienea kwenye karatasi, sarafu na bendera, ndege mwenyewe amekuwa akipungua: makadirio ya mwaka 1985 yalionyesha korongo taji zaidi ya 100,000 katika Afrika ya mashariki na ya kusini, yale ya mwaka 2004 yakashuka hadi kati ya 50,000 na 64,000, na mwaka 2012 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) ukamwingiza katika daraja la spishi zilizo hatarini kutoweka.

Swali linalochambuliwa ni uhusiano wa mambo hayo mawili, na mahali panapofaa kulitazamia ni Nyalenda, mtaa wa Kisumu wenye wakazi wengi na nyumba zilizosongamana, uliolala kati ya katikati ya jiji na mafunjo ya Dunga kwenye Ghuba ya Winam. Hapo picha na kinamasi vinakaribiana sana, kwa kuwa mkazi anayeiona sura ya ndege ukutani asubuhi anaweza kufika kwa miguu, siku hiyohiyo, penye ardhi ya aina anayoishi ndege huyo. Hoja inayotetewa ni kwamba sanaa ya korongo taji, kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, imelikuza taji na kuyafuta matope anamosimama mwenye taji, na kwamba ufutaji huo ni tabia iliyojengwa na mahitaji ya dola, ya sayansi na ya soko, ambayo msanii wa ufuko wa ziwa ana uwezo wa kuiacha.

Jina lenyewe linahitaji maelezo. Katika Kiswahili cha kila siku neno korongo huwachukua pamoja ndege wa jamaa mbili tofauti, yaani wale wenye midomo mizito ambao hutaga juu ya miti au majabali, na wale wa jamaa ya Gruidae, ambayo ina spishi 15 duniani na ambamo korongo taji yumo. Lugha za kanda ya ziwa zimemtenga kwa jina lake: Wajaluo humwita owang' winyo, jina ambalo ndani yake limo neno winyo, yaani ndege, Waganda humwita ng'aali, na Wanyarwanda humwita umusambi. Tofauti hiyo ya majina ina uzito katika sanaa, kwa sababu msemaji wa Kiswahili anayeambiwa achore korongo anaweza kumchora ndege mwingine kabisa bila kukosea lugha.

Istilahi nyingine ni ndege mhamaji. Korongo wengi wa Ulaya na Asia huhama kwa maana kamili ya neno, wakivuka nchi na bahari kila mwaka kati ya mahali pa kutagia na mahali pa kukaa wakati wa baridi. Baadhi yao hufika Sudan na Ethiopia. Korongo taji hafanyi safari ya namna hiyo. Huzungukazunguka akifuata maji, mbegu na wadudu kadiri mvua zinavyobadilika, na kwa kuwa mizunguko hiyo haijui mipaka ya nchi, analindwa na mkataba wa ndege maji wahamaji wa Afrika, Ulaya na Asia, unaojulikana kwa kifupi AEWA, ambao nchi wanachama wake waliidhinisha mwaka 2015 mpango maalumu wa kumhifadhi. Tofauti hii si ya kitaalamu tu. Mchoraji anayewapanga korongo taji angani kwa safu ndefu, kama wasafiri wanaokwenda bara jingine, anampa mtazamaji faraja isiyo ya kweli, kwamba ndege wakikosekana huku watakuwa wamefika kwingine. Korongo taji asipoonekana tena katika bonde alimozaliwa, mara nyingi jambo lililotokea ni kwamba bonde limekauka, limelimwa au limetiwa sumu.

Ndege na ardhi yake

Ili sanaa ipimwe, ni lazima kwanza ijulikane inachokichora. Korongo taji ana kimo cha takriban mita 1, na mabawa yakitandazwa hufika kama mita 2. Paji lake ni jeusi na laini kama mahameli, shavu ni jeupe, kidevu kina mfuko mdogo mwekundu wa ngozi, shingo ni ya kijivu hafifu, na bawa lina weupe unaopakana na rangi ya dhahabu na ya hudhurungi. Jamaa yake wa karibu, korongo taji mweusi anayepatikana kaskazini hadi Ziwa Turkana, ana shingo nyeusi zaidi na shavu lenye weupe juu na wekundu chini, na wachoraji wasio makini huwachanganya wawili hao katika picha moja.

Maumbile hayo huwapotosha wachoraji kwa njia zinazotabirika. Wengi huikunja shingo yake angani kama ya yangeyange, ingawa korongo huruka shingo ikiwa imenyooka mbele na miguu ikiwa imenyooka nyuma. Wengine huona kosa kumweka juu ya mti, na hapo wenye kosa ni wao, kwa sababu korongo wa jenasi Balearica ndio pekee katika jamaa yao wanaolala mitini, wakisaidiwa na kidole kirefu cha nyuma kinachoshika tawi. Ngoma yake, yaani kuinama, kuruka, kufungua mabawa na kurusha nyasi hewani, ndiyo inayopendwa zaidi na wasanii, lakini haichezwi na dume kwa ajili ya jike tu, kwani kundi zima, wakiwamo vijana wasio na wenzi, hucheza.

Kisichochorwa kwa kawaida ni kiota. Dume na jike hukanyaga nyasi ndefu na matete ndani ya kinamasi mpaka wapate jukwaa lililozungukwa na maji, jike akataga mayai 2 au 3, mara nyingine 4, na wote wawili wakayaatamia kwa takriban mwezi mmoja. Makinda huondoka kiotani mapema lakini huchukua miezi mingine kabla ya kuruka, na katika muda huo wote mbwa, mtoto mwenye udadisi, moto wa kusafishia shamba au mfereji wa kukausha maji unaweza kuumaliza uzazi wa mwaka mzima. Kwa hiyo korongo taji ana nyumba mbili: chumba cha kulelea watoto kilichomo kinamasini, na meza iliyo wazi, yaani malisho na mashamba ya mpunga na mahindi kama yale ya nyanda za Kano, ambako huokota wadudu, mbegu na wakati mwingine nafaka ya mkulima. Picha inayomwonyesha katika meza tu inaeleza nusu ya maisha yake, na picha inayomwonyesha bila ardhi yoyote haielezi hata nusu hiyo.

Korongo wa Kavirondo

Uhusiano wa ndege huyu na ufuko wa Kisumu ulichapwa kwenye karatasi mapema. Ghuba ya Winam iliitwa na Waingereza Ghuba ya Kavirondo, na korongo taji akaitwa katika maandishi yao korongo wa Kavirondo. Stempu zilizotolewa mwaka 1935 kwa matumizi ya Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa na mandhari kadhaa, ukiwamo mlima Kilimanjaro na jahazi la Ziwa Viktoria, na korongo taji alikuwa miongoni mwa michoro hiyo, akionekana hata kwenye stempu ya senti 1, ya thamani ndogo kuliko zote, chini ya utawala wa mfalme George V. Mchoro huo ukaendelea kutumika katika toleo la George VI lililoanza mwaka 1938.

Mambo mawili yanajitokeza katika stempu hizo. La kwanza ni kwamba jina Kavirondo liliwahusu pia watu, hivi kwamba ndege, ghuba na wakazi wa ufukoni waliwekwa katika fungu moja la vitu vya kuvutia vya himaya. La pili ni kwamba stempu, kwa udogo wake, inamlazimu mchoraji kuchagua, na kilichochaguliwa kilikuwa umbo la ndege. Kinamasi cha ghuba kilikuwa na sifa mbaya katika macho ya utawala, kikihusishwa na mbu na magonjwa, na kilihesabiwa kuwa ardhi inayosubiri kukaushwa. Ndege akasifiwa, makao yake yakalaaniwa, na mgawanyiko huo ukarithiwa na vizazi vya wachoraji waliokuja baadaye.

Sayansi ya wakati huo iliimarisha mtindo uleule kwa sababu zake nyingine. Frederick Jackson, aliyewahi kuwa mtawala katika Kenya na kisha gavana wa Uganda kuanzia mwaka 1911 hadi 1918, alikuwa mkusanyaji mkubwa wa ndege, na kitabu chake kuhusu ndege wa Kenya na Uganda kilichapishwa mwaka 1938 baada ya kifo chake. Vitabu vya kutambulia ndege, kama kile cha John G. Williams cha mwaka 1963, vilihitaji mchoro unaoonyesha alama za spishi kwa uwazi, na njia bora ya kufanya hivyo ni kumsimamisha ndege ubavu kwenye karatasi nyeupe, karibu na wenzake anaoweza kufananishwa nao. Hakuna ubaya katika mtindo huo kwa kazi uliyokusudiwa. Tatizo huanza pale karatasi nyeupe inapohamishwa kutoka kitabuni hadi kwenye bango la shule, kalenda na ukuta wa ofisi, ambako hakuna maelezo ya chini yanayosema ndege huyu anahitaji matete ya kimo gani na maji ya kina kipi.

Ndege wa dola

Uganda ilimchukua korongo taji kutoka alama za utawala wa kikoloni, ikambadilisha maana. Bendera iliyopandishwa tarehe 9 Oktoba 1962, ambayo usanifu wake unahusishwa na waziri Grace Ibingira, ina mistari sita ya rangi nyeusi, njano na nyekundu, na katikati yake mna duara jeupe lenye korongo taji aliyeinua mguu mmoja, ishara inayoelezwa kuwa ya taifa linalosonga mbele. Ndege huyo anaonekana pia katika ngao ya taifa akiwa ameelekeana na swala, kwenye stempu ya shilingi 20 katika mfululizo wa ndege uliochorwa na Rena Fennessy mwaka 1965, na kwenye sarafu ya shilingi 500, huku timu ya taifa ya kandanda ikiitwa kwa jina lake.

Kwa macho ya mchambuzi wa sanaa, duara jeupe la bendera ndilo toleo lililokamilika la karatasi nyeupe ya kitabu cha ndege. Mguu mmoja umeinuliwa, na ule mwingine haukanyagi kitu. Bendera kwa kawaida yake haiwezi kubeba mandhari, na si haki kuilaumu kwa hilo, lakini wingi wa nakala zake umeifanya iwe kielelezo kikuu ambacho watoto wa kanda nzima hujifunzia kumchora korongo. Hata upande wa Kenya, mchoro wa shuleni humwonyesha mara nyingi akiwa ubavu, mguu mmoja juu, kana kwamba ndege huyo huzaliwa akiwa ndani ya duara.

Nembo nyingine ya Waganda inafuata mantiki tofauti. Miongoni mwa koo za Buganda umo ukoo wa Ng'aali, na kwa mila ya Waganda ndege au mnyama wa ukoo ni mwiko kuliwa na wanaukoo. Hapo ishara inamwekea mtu wajibu kuhusu ndege aliye hai, wakati nembo ya dola inampa raia fahari tu bila wajibu wowote. Kenya, kwa upande wake, ilipotoa sarafu mpya mwaka 2018 iliweka twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10 na tembo kwenye 20, wanyama wote wanaojulikana na watalii wa mbuga za nyasi, na hakuna hata kiumbe mmoja wa kinamasi aliyepata nafasi.

Soko na malighafi yake

Baada ya dola, mlezi mkubwa wa taswira ya korongo ni soko la mapambo. Mtindo wa Tingatinga, ulioanzishwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, ulikuwa na umuhimu wa pekee kwa sababu ulimweka ndege mikononi mwa wachoraji waliotumia rangi za kawaida za dukani na vipande vya ubao, nje ya shule za sanaa na nje ya mikono ya wageni. Katika picha za mwanzo mnyama mmoja hulijaza eneo lote, na nyuma yake mna rangi moja au mbili tambarare. Uzuri wa mpango huo hauna ubishi, na korongo taji, mwenye umbo linalotambulika hata likiwa kivuli, aliufaa sana. Lakini rangi tambarare ya nyuma, iliyozaliwa kwa sababu za ufundi na za haraka ya kuuza, ilitoa tena jibu lilelile: ndege yupo, ardhi haipo.

Vibanda vya vinyago vya Kisumu vinaonyesha jinsi malighafi inavyoamua sura. Jiwe la sabuni, jiwe laini linalochimbwa Tabaka katika kaunti ya Kisii, huchongeka kwa urahisi lakini huvunjika likiwa jembamba, kwa hiyo mchongaji humfupishia korongo miguu au huiunganisha na kitako kizito. Pembe la ng'ombe, ambalo tayari lina mkunjo, hutoa shingo na mwili kwa mikato michache, ila taji hubaki kuwa alama ndogo tu. Katika hali zote mbili mnunuzi hupata kitu kinachoingia kwenye mkoba wa safari, na kanuni hiyo ya mkoba ina nguvu kuliko nia yoyote ya msanii, kwa kuwa kinamasi hakifungiki.

Haifai, hata hivyo, kuihesabu sanaa yote ya Afrika Mashariki kuwa mateka wa soko hilo. Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Marangu, aliposhiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, jina lenyewe lilimchukua mnyama wa porini na kumpa kazi nyingine, yaani paa anayepaa, mfano wa ubunifu unaokataa kunakili. Mfano huo unaonyesha kwamba mnyama anaweza kubeba wazo zito bila kuwa bidhaa, ingawa nao, kwa haki yake, ni mfano wa roho ya mwanadamu kuliko wa maisha ya paa.

Ufuko wenyewe wa ziwa una urithi wa kale zaidi unaotatiza dhana kwamba sanaa ya mazingira ni lazima iwe picha ya mnyama. Michoro ya miambani ya kisiwa cha Mfangano, kwenye mapango ya Mawanga na Kwitone katika kaunti ya Homa Bay, inayohusishwa na Watwa, haina ndege wala swala. Ina miduara nyekundu na nyeupe, mmoja ndani ya mwingine, na wenyeji wameihusisha kwa muda mrefu na mvua. Wachoraji hao wa kale, kama tafsiri hiyo ni sahihi, walichora kile ambacho viumbe wote wa ziwa hukitegemea na wakawaacha viumbe wenyewe nje. Sanaa ya leo imefanya kinyume chake.

Je, picha huokoa ndege?

Watetezi wa sanaa ya wanyamapori hudai kwamba kinachopendwa hulindwa, na kwamba kazi ya msanii ni kukifanya kipendwe. Historia ya korongo katika nchi nyingine inalipunguzia dai hilo nguvu. Wamisri wa kale, walioishi chini ya mto uleule unaotoka Ziwa Viktoria pale Jinja, walichonga makundi ya korongo kwenye kuta za makaburi ya Saqqara, na korongo hao wanaonekana wakiswagwa na kulishwa kama mifugo. Mfalme Huizong wa China alichora mwaka 1112 korongo 20 wakizunguka juu ya paa la lango la kasri, na wingu na paa vikatosha kuwa mandhari. Japani ilimfanya korongo mwenye utosi mwekundu kuwa ishara ya maisha marefu katika vitambaa, vyombo na sherehe, na mwaka 1984 ikamweka nyuma ya noti ya yeni 1,000. Lakini ndege huyo aliyesifiwa kwa karne nyingi alikuwa amebaki katika idadi ndogo mno kisiwani Hokkaido, na hesabu ya mwaka 1952 ilipata 33 tu. Kilichomwinua hadi zaidi ya 1,000 kilikuwa nafaka iliyomwagwa na wakulima wakati wa theluji pamoja na ulinzi wa vinamasi vya Kushiro. Picha zilikuwapo muda wote huo.

Rwanda inatoa onyo kali zaidi, kwa sababu huko kupenda uzuri kuligeuka kuwa tishio. Korongo taji walikamatwa wakiwa makinda, wakakatwa manyoya ya mabawa na kuwekwa kwenye bustani za hoteli na za nyumba za watu wenye uwezo, wakawa mapambo yanayotembea. Daktari wa mifugo Olivier Nsengimana, aliyepata tuzo ya Rolex mwaka 2014 na aliyeanzisha Chama cha Uhifadhi wa Wanyamapori cha Rwanda, aliongoza kazi ya kuwasajili ndege hao, kuwarudisha porini walioweza na kuwatunzia makao jijini Kigali wale waliolemazwa. Hesabu ya nchi nzima ya mwaka 2017 ilipata korongo 487, na miaka michache baadaye idadi ikapita 1,000. Ndege wa bustanini alikuwa hatua ya mwisho ya njia iliyoanza kwenye karatasi nyeupe, kwani mtu aliyezoeshwa kumwona korongo bila kinamasi haoni ajabu kumtenga nacho.

Kutokana na mifano hiyo inaweza kusemwa kwamba picha haimwokoi ndege na haimwangamizi. Inachofanya ni kuzoesha jicho, na jicho lililozoeshwa huamua ni hasara gani itakayotambuliwa kuwa hasara. Nchini Kenya, kikundi cha wanakijiji cha Kipsaina, karibu na hifadhi ya Saiwa ambayo maji yake huingia Mto Nzoia na hatimaye ziwani, kimejishughulisha tangu miaka ya 1990 na korongo pamoja na ardhioevu kwa jina na kwa vitendo, na uunganishaji huo wa majina mawili ndio ambao sanaa nyingi imeukosa.

Nyalenda, Dunga na kinachoweza kuchorwa

Nyalenda haina makumbusho ya sanaa, lakini ina wingi wa picha. Katika mitaa ya aina hii taswira ya kila siku ni ile ya kuta za maduka, vinyozi na vibanda vya chakula, ya matatu na tuktuk, na ya mitumbwi iliyopakwa rangi na kuandikwa majina pale Dunga. Wachoraji wa kazi hizo hulipwa na mwenye duka au mwenye chombo, jambo linalowaweka huru na kanuni ya mkoba wa mtalii: ukuta hausafiri, na mtazamaji wake ni jirani. Kama kuna mahali ambapo korongo taji anaweza kuchorwa pamoja na maji yake, ni hapo, kwa sababu mtazamaji anayajua maji hayo.

Anayajua kwa uchungu pia. Mto Auji hupita mtaani na kufurika wakati wa mvua za masika, na mabwawa ya kusafishia majitaka ya jiji yamo Nyalenda, hivi kwamba kile kinachokifikia kinamasi hupitia kwanza kwenye maisha ya watu wa hapo. Mafunjo, ambayo kwa Kijaluo huitwa togo, huchuja uchafu huo kabla haujaingia ghubani, huwapa samaki wadogo maficho, na huwapa mafundi malighafi ya mikeka, viti na mapaa. Ndani yake anaishi pia Laniarius mufumbiri, ndege mdogo mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano asiyeweza kuishi mbali na mafunjo, ambaye ni sababu mojawapo ya Dunga kutambuliwa kimataifa kuwa eneo muhimu la ndege, na ambaye hajawahi kupata bendera wala sarafu. Kumchora korongo katika mafunjo ni kumfungulia mlango ndege huyo asiye na taji, pamoja na mkata mafunjo mwenyewe.

Suala la mkata mafunjo ndilo gumu zaidi. Mafunjo yakikatwa kwa zamu huchipuka tena, lakini yakichomwa au yakikatwa mfululizo ili shamba lisogee, kiota hakina pa kusimama. Fundi anayefuma kwa mafunjo anakitegemea kinamasi kama korongo anavyokitegemea, na kwa hiyo ni mshirika wake wa asili kuliko mtalii. Gugu maji, mmea wa kigeni ulioifunika ghuba katika miaka ya 1990 na kuzuia mitumbwi, limewapa mafundi wa Kisumu nyuzi za vikapu na samani na karatasi za kadi. Korongo anayefumwa kwa gugu maji ameondoa ziwani kitu kinacholidhuru, na hivyo malighafi yenyewe inasema jambo ambalo umbo peke yake haliwezi kulisema.

Mkulima naye hana budi kuingia ndani ya fremu. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, kusini mwa kaunti ya Busia, imeripotiwa dawa ya wadudu iitwayo kabofurani ikitumiwa kuwaua ndege wa majini kwa ajili ya kitoweo, na miongoni mwa wahanga wakubwa walikuwa korongo wa ile jamaa nyingine, wenye midomo isiyofunga katikati, wanaokula konokono. Utata wa jina uliotajwa mwanzoni unapata hapa maana ya kimaadili: anayemwokoa korongo mwenye taji na kumwacha korongo asiye nalo afe katika shamba lilelile ameokoa urembo, si uhai wa kinamasi. Mpunga unaomlisha ndege ni uleule unaomlisha mkulima, na picha inayomficha mkulima ili pori lionekane safi, kama picha nyingi za wanyamapori zinavyofanya, inawafuta watu ambao uamuzi wao wa msimu ujao ndio utakaoamua kama kutakuwa na ndege wa kuchora.

Kipimo kinachopendekezwa, basi, hakiulizi kama korongo amechorwa kwa ustadi, kwa kuwa ustadi haujawahi kukosekana, bali kinauliza anakanyaga nini. Mchoro wa kitabu utaendelea kuhitaji karatasi nyeupe, na bendera itaendelea kuhitaji duara lake. Ila mchoraji wa ukuta, mfumaji na mwalimu wa sanaa wa ufukoni hawana sababu ya kujifunga kwa masharti ya posta ya mwaka 1935. Kwa sasa mchoraji wa Nyalenda anayetaka mfano hai bado anaweza kuteremka hadi Dunga na kukaa mbele ya mafunjo, au kupanda matatu kwenda nyanda za Kano asubuhi na kungoja pembezoni mwa mpunga mpaka ndege washuke. Kinamasi kikiendelea kufutwa ardhini kama kilivyofutwa kwenye picha, atabaki na njia moja, nayo ni kutoa mfukoni sarafu ya Uganda ya shilingi 500 na kunakili kichwa kilichomo.